Sanduku la Barafu la Boti ya Baba

Enzi hizo, sisi wa kandokando ya Ziwa Rukwa tukilisikia lori la Tunduma likipiga honi, hatukukimbilia pipi. Tulikimbilia barafu. Ilishushwa ikiwa mabonge makubwa ndani ya magunia, imegandamana na pumba za mpunga, nasi tuliokota vipande vilivyodondoka tukavilamba mpaka ulimi ukafa ganzi. Watoto wa siku hizi wananuna eti soda haijapoa vizuri. Hawajui raha.

Boti ya baba ilikuwa na sanduku lililojengewa humo humo katikati, kuta zake mbao mbili mbili zilizoshindiliwa pumba. Jioni ya kabla ya safari baba alilitia barafu kidogo ili mbao zenyewe zipoe, maana barafu ikikuta sanduku lina joto, nguvu zake zinaishia kwenye mbao. Kambini kwa wavuvi aliyapanga mabonge bila kuyaponda, akalaza samaki, akaweka barafu tena, kisha akaziba kila uwazi kwa magunia. Juu ya kifuniko alitandaza gunia bichi.

"Kufungua ni mara moja," alisema. "Tukifika."

Dada yangu Neema alipoposwa na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, baba aliapa kwamba wakwe hawatakula samaki wa moshi kwake. Samaki wa moshi tulikula kila siku. Wakwe walistahili perege wabichi. Tukaenda wote kambini kuwafuata, Neema akiwemo. Wageni walikuwa wanafika kesho yake, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni kwa wasiwasi.

Wakati wa kurudi tulimpitia shangazi, dada mkubwa wa baba. Akapanda na sufuria la togwa, kinywaji cha kuwapokea wakwe, limetoka motoni sasa hivi, linafuka mvuke.

"Itie humo kwenye barafu," akamwambia baba. "Ikichacha kabla wakwe hawajaonja, aibu ya nani?"

Kwetu shangazi ni baba, hapingwi. Baba, ambaye aliwahi kumfokea mchuuzi kwa kugusa kifuniko tu, alifungua kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi naye hakutulia. Kila tukisogea kidogo anafunua, anachovya kidole, anafunika. Kwenye tundu la chini ya sanduku maji yakaanza kudondoka, halafu yakawa yanatiririka. Baba aliyaona, akageukia injini yake. Mama aliyaona, akaanzisha pambio. Mimi nilitamani kulia, lakini mtoto hakuwa na kauli mbele ya shangazi.

Neema alikinga kiganja chini ya tundu. Akakiangalia.

"Shangazi," alisema, "naomba utoe togwa yako. Samaki wangu wanakufa mara ya pili."

Mama aliacha kuimba. Shangazi akafunua, akatoa sufuria, akaimwaga togwa yote ziwani. Akafunika, akakaa juu ya kifuniko, na hakubanduka hapo mpaka tulipofika nyumbani.

"Huyu sasa anaweza kuwa na nyumba yake," akamwambia baba. "Wewe umeshindwa kusema."

Perege walifika wakakamavu, mashavu mekundu. Wakwe walikula mpaka wakafungua vifungo vya makoti, na shangazi ndiye aliyekuwa akiwaongezea.

Siku hizi nikivuka kumsalimia Neema nanunua perege wa friza pale Tunduma, wagumu kama matofali. Sasa yeye ndiye shangazi. Wanangu wanafungua friji yake bila kuomba, wanasimama mlango ukiwa wazi huku wanachezea simu, naye anawatazama tu. Safari iliyopita iliniuma, nikamuuliza mbona hawakemei.

"Niwakemee kwa lipi?" akasema. "Hakuna kinachoyeyuka."