Mutanizoea na Miguu Yake ya Nyuma

Enzi zetu kule Kasenga, kando ya ziwa, mbwa hakupewa jina la kumpendeza yeye. Alipewa jina la kumfikia jirani. Ukikosana na mtu wa ng'ambo ya ua, humtukani. Unafuga mbwa, unamwita kwa sauti kubwa asubuhi na jioni, na mwenye masikio asikie. Wa kwetu aliitwa Mutanizoea. Nyanya yangu, aliyenilea, ndiye aliyembatiza, na jina lile lilimlenga jirani yetu Mama Zawadi, ambaye mbuzi wake alimaliza lengalenga zetu, mchicha wote wa bustanini. Mama Zawadi alijua kanuni: ukilitamka jina, umekubali kwamba ujumbe umekufika. Miaka mitatu alimwita "ile mbwa" tu.

Zawadi, binti yake, alikuwa rafiki yangu. Ugomvi wa wakubwa haukutuhusu. Tulipita kwenye tundu la ua kwenda kuruka kamba, na tulikula ugali kwa ndagala kwenye sahani moja.

Kisha vita ikafika. Watu wakavuka kwenda Burundi, wengine kwa mitumbwi kutoka bandari ya Kalundu. Zawadi na mama yake waliondoka asubuhi moja, hata kuagana hatukuagana. Nyanya alikataa katakata: "Miye siendi fasi yoyote. Magoti yangu iko inakataa." Mtaa ukanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi, na mtu wangu wa kucheza naye alikuwa mbwa.

Ndipo Mutanizoea akaugua. Alianza kutetemeka taya, kisha akawa anaanguka na kupiga miguu hewani, mwisho miguu ya nyuma ikafa kabisa. Wachache waliobaki mtaani walisema ana kichaa, auawe kabla hajauma mtu. Nyanya akamwita mzee mmoja aliyekuwa akitibu ng'ombe huko milimani Bijombo kabla vita haijamshusha. Mzee alikaa mbali kidogo, akamchungulia mchana kutwa, akamwona akinywa maji vizuri, jambo lisilowezekana kwa mbwa mwenye kichaa.

"Haiko na kichaa," alisema. "Mishipa ya kichwa ndiyo inagonjwa. Mumushikilie. Akisimama mbele ya mwezi kuisha, atapona. Akikosa, mumuache aende."

Basi tukamshikilia. Nyanya alichana kitenge chake, tukakipitisha chini ya tumbo la mbwa, nami nikashika ncha zake juu ya mgongo, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Kila asubuhi nilimpeleka ziwani hivyo hivyo, nikamsimamisha pale maji yanapomfika kifuani, maana humo alikuwa mwepesi. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimsimulia yote ambayo ningemsimulia Zawadi. Sikuthubutu kuhesabu siku. Angekufa, angebaki Nyanya tu wa kuzungumza naye, na Nyanya siku hizo alizungumza na Mungu zaidi.

Mwezi ukielekea ukingoni, nikiwa naye majini, nilihisi kitenge kimelegea mikononi. Alikuwa amesimama mwenyewe. Nililia kwa furaha, kisha nikalia tena kwa sababu hapakuwa na wa kumwita aje kuona.

Nyanya akarudia desturi yake. "Mutanizoea! Kuya kula!" alipaza sauti kuelekea nyumba tupu ya jirani. Baada ya kuita, alitega sikio.

Mama Zawadi alirudi mvua zilipoisha, peke yake. Zawadi alikuwa amebaki ng'ambo kwa shangazi yake, apate kusoma. Mbwa akamwendea akipepesuka. Mama yule akainama, akamshika kichwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwetu: "Mutanizoea, weye uko muzima?"

Nyanya akaweka mwiko chini. Akapita kwenye lile tundu letu la watoto, kwa magoti yake yale yale.

Zawadi hakurudi, aliolewa huko huko. Watoto wa siku hizi huwapa mbwa majina ya wachezaji wa mpira na kuwapiga picha kwa simu. Waulize jina la jirani, watakuuliza jirani yupi. Nami siwezi kuwacheka sana. Nina ukuta wa matofali, na mbwa mwenye jina zuri. Jioni nikimwita, ng'ambo ya ukuta hakuna anayekasirika.