Ufunguo wa Palepale

Programu ilikuwa ya bure. Gharama yake ni sauti ya mama: rekodi kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili, na hakuna hata moja inayofunguka.

Alizirekodi kwenye simu yangu miezi yake ya mwisho, kwangu Boko, feni ikivuma juu yake. Nikazihamishia kwenye kompyuta, simu nikaiuza kwa bei niliyojisifia wiki nzima. Alipofariki, dada yangu wa Vingunguti akaomba niondoe mvumo wa feni, tuzisikilize wote kwenye arobaini.

Kabla ya kupakua programu ya kusafisha sauti, nikampigia fundi wangu wa kompyuta wa Mbagala, maana sinunui mbuzi kwenye gunia.

"Programu ya kweli ina saini ya aliyeitengeneza, braza," akasema. "Unaipima kwa ufunguo wake, kifaili cha herufi na namba. Vikikataana, kimbia."

Nikapata ukurasa safi: programu, saini na ufunguo, vyote pamoja. Nikashukuru kwa kuokoa bando. Nikapima: saini ni halali. Nikarudia kupima: halali. Nikaifungua programu. Chai haijapoa, mafaili yote yakawa na majina nisiyoyajua, na ujumbe wa kudai malipo ndipo yafunguke.

Fundi alikuja siku hiyohiyo. Akakodolea kioo, akavua kofia.

"Ufunguo uliutoa wapi?"

"Palepale."

"Palepale kwenye programu?" Akaguna. "Sasa braza, mwizi ukamwomba akuletee mdhamini, ulitegemea alete nani? Ufunguo ungeutafuta kwingine, kwa aliyeitengeneza mwenyewe, ndio ulinganishe."

Mie nisiyenunua mchele kabla ya kuuliza maduka matatu, niliuliza duka moja mara mbili, nikaita huo uangalifu. Fundi alijaribu kuyafungua hadi jioni. Alipoondoka alikataa nauli. Hapo nikajua hakuna matumaini, maana hajawahi kuniachia hata mia.

Jana dada kapiga. "Nyie wanaume kwa kuchelewesha! Ile rekodi mama anapoisema vibaya pilau yangu, imo?"

"Imo."

"Usiikate, eti. Nataka mashangazi wasikie alivyokuwa ananionea." Akacheka, halafu nikamsikia anapenga kamasi.

Arobaini ni Jumapili. Ameshawaambia watu watasikia sauti ya mama. Wewe uliyewahi kufiwa, nishauri: nimfuate Vingunguti leo nimwambie, alie akiwa kwake, au nimwache afurahi hadi Jumapili?