Nilichoma Ramani ya Mashine ya Baba Nikidhani ni Dua

Kosa ni langu. Anayetaka kunitukana anitukane, sitajitetea. Mwenyewe nimejitukana mpaka matusi yameniishia.

Naishi Mji wa Kale na mume wangu, binti yetu anayeanza kutembea, na baba yangu mzazi. Baba alikuwa fundi wa simu. Ujanani aliagiza kwa posta kompyuta ya kujiundia mwenyewe. Ilikuja boksi la vipande, nawe ukae ulehemu mpaka iwe mashine! Haina kioo kama hizi za sasa. Ina vitufe na tarakimu nyekundu zinazowaka. Akaiunda, ikafanya kazi, halafu ikafa ikapandishwa juu ya kabati.

Mwaka jana Baba akapata kiharusi. Maneno yakampotea, hata jina langu. Siku moja akainyoshea kidole ile mashine, nikamshushia. Wallahi, alipoishika tu, maneno yakaanza kurudi! "Waya." "Moto." Kisha, "Mama, nipe bisibisi." Nililia jikoni kwa furaha. Daktari akasema kazi hiyo ya kuitengeneza asinyang'anywe, ndiyo dawa yake.

Kitabu cha Kizungu kilichokuja na vile vipande kililiwa na mchwa zamani. Mezani Baba akitandaza karatasi zake kuukuu, zimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, zimejaa vijisanduku vyenye nambari ndani, sawasawa na zile za walimu wanaoandika makombe, aya za dawa; nami nikidhani ni dua zake za kupona.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Nilikuwa nafua. Nageuka, binti yangu yuko chini ya meza ya babu yake, anatafuna. Nikamtia kidole mdomoni, nikatoa chipu nyeusi yenye miguu ya chuma kama tandu. Mdomo damu tupu!

"Baba! Wataka kuniulia mtoto?"

"Po... pole, mama," akasema. "Ime... imeanguka."

Pole gani! Sikuisikia. Alipolala adhuhuri, nikaziparamia zile chipu nikazing'oa zote kwenye soketi zake, nikazitia kwenye gunia pamoja na skrubu na waya, nikalisukuma chini ya ngazi. Zikabaki karatasi. Nikasema, hizi haziendi jaani, jina la Mungu halitupwi. Basi nikazisitiri kama tulivyofunzwa chuo cha Qur'ani: nikazichoma uani pahali safi, jivu nikalipeleka baharini. Tena nikijiona mcha Mungu!

Mimi nimehitimu Qur'ani, jamani. Ningesoma mstari mmoja tu! Lakini mwenye hasira hasomi.

Baba akaamka, akapapasa mezani.

"Zi wapi karatasi zangu?"

Swali zima! La kwanza tangu augue, na mimi ndiye niliyelijibu.

"Zile dua? Nimezisitiri, Baba. Jivu liko baharini."

Akacheka. "Dua? Dua ya nini?" Kisha kicheko kikamkauka. "Njia za waya, mama. Zile ni njia za waya."

Kumbe kilikuwa Kiswahili kitupu! Aliandika hatua zote alipokuwa akiiunda, kila chipu na soketi yake, kwa herufi za chuo kwa sababu ndizo mkono wake ulizozizoea. Na kile nilichokiona hirizi kilikuwa ramani.

Nikaapa nitaiunda upya mwenyewe. Mume wangu akarudi kutoka kazini Shimanzi, akakuta sakafu imejaa vipande, akanambia, "Si takataka hizi? Mnunulie mzee tableti acheze." Nilimwambia atoke mbele yangu kabla mwiko haujaruka!

Nikatafuta kwenye simu, nikapata picha ya mashine kama ile. Lakini Baba alikuwa amebadilisha waya zake kwa akili zake, picha na meza havikulingana. Chipu nazo zilikuwa zimefutika maandishi. Nikimwonyesha moja, Baba aifinya, aigeuza. "Hii... hii ya... hapana." Analipiga paji lake kwa kiganja. Alijua kuwa alikuwa akijua. Hilo ndilo lililoniua!

Nikamwandikia mzee mmoja ughaibuni anayefufua mashine kama hizo. Akanijibu kwa wema: usitie umeme mpaka ujue kila waya waenda wapi, na chipu ukiigeuza kichwa nyuma itaungua.

Nikasubiri? Sikusubiri! Baba alikuwa ameketi kitandani, kanzu safi, macho yameng'aa kama mtoto wa sikukuu. Nilitaka anisamehe siku ile ile. Nikajaza soketi kwa kukisia, nikawasha.

Hakikuwaka kitu. Ukaja moshi mwembamba, na harufu. Ile chipu kubwa, ubongo wa mashine, nilikuwa nimeiweka kinyume.

Baba hakuhitaji kuangalia. Mafundi huijua ile harufu.

"Imekufa," akasema, wazi kabisa, bila kigugumizi. Akalala, akageukia ukutani.

Tangu hapo hajasema neno. Nikimuuliza chai anyosha kidole. Nimeagiza chipu nyingine, nimempakatisha bisibisi, aiacha iteleze sakafuni. Daktari asema nizidi kumzungumzisha. Nazungumza! Nazungumza mpaka koo lakauka, na anayenijibu ni binti yangu tu.

Nyinyi wenye wazee nyumbani, wenye makorokoro yao na maandishi yao msiyoyaelewa: hasira zikiwapanda, vunjeni sahani, sahani zanunuliwa. Karatasi ya mzee usiiguse kabla hujamuuliza yeye. Mimi wa kumuuliza nilikuwa naye, chumba cha pili. Ningengoja aamke tu.