Mtu wa Kubishana na Mama Sponji

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani kila mtu alimwita Mama Sponji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona makochi, na saa yoyote ungemkuta ana chembe za sponji kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya mfuko wa miwani. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa chuma, nyuma ya duka la vioo. Makochi yaliyovuliwa nguo yaliegemea ukutani, springi nje, mengine miguu juu, na katikati palikuwa na meza ya kukatia aliyoachiwa na baba yake pamoja na ufundi wenyewe. Juu ya meza hiyo, pale ambapo fundi mwingine angebandika kalenda, alibandika picha ya chombo cha angani kilichofanana na kikaango kilichovunjika mpini.

Hicho ndicho chombo cha Wachunga Nyota. Asiyezijua filamu hizo anahitaji kujua machache tu. Zilikuwa sita, na zilihusu watu wanaozunguka angani wakitunza nyota zinazotaka kuzimika, wakizichochea kama mtu anavyochochea jiko. Nahodha wao alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Aliyezitunga na kuziongoza zote alikuwa mtu mmoja, ambaye mashabiki walimwita Mzee tu, utadhani ni ndugu yao wa ukoo. Walimpenda, walimnung'unikia, na wakikutana wawili hawakumaliza kikombe cha chai kabla hawajamgombania.

Mama Sponji alizijua filamu hizo tangu usichana wake, tena akiwa sakafuni. Baba yake alipata kazi ya kuvisha upya viti vya ukumbi wa sinema, na mwenye ukumbi hakutaka kufunga biashara. Akawaambia washone mchana huku watazamaji wachache wakiendelea kutazama. Basi binti akaiona filamu ya kwanza kwa vipande. Siku moja aliisikia tu, amelala chali chini ya viti akigongomea misumari midogo pole pole ili asikemewe. Siku nyingine aliona nusu ya juu ya skrini, vichwa na nyota. Walivyozidi kusogea safu kwa safu, filamu nayo ikazidi kumkamilikia.

Walipofika safu za mbele, aliona kiti cha nahodha kwa karibu, kikubwa kama nyumba. Aliona na mshono. Kilikuwa kiti cha gari kilichovishwa ngozi bandia, na kwenye kona mshono ulikosewa ukarudiwa. Mwingine angecheka akasema kumbe ni uongo mtupu. Yeye alibaki ameduwaa na pini mdomoni. Mahali fulani kulikuwa na fundi aliyeambiwa atengeneze kiti cha kuendea kwenye nyota, naye akachukua kiti kibovu cha gari akakaa chini akashona. Tangu siku hiyo Mzee alikuwa mtu wake. Mtu anayeweza kukusanya mafundi, chupa tupu, machujio na viti vibovu, akakupeleka navyo angani, huyo alimvulia kofia.

Mlangoni mwa ukumbi ule alikuwepo mkata tiketi, kijana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa ameiona filamu hiyo mpaka akaichoka. Mchana mmoja aliinama juu ya viti, akamwambia binti aliyekuwa chini, "Dada, umegundua kwamba hawa watu hawana choo ndani ya chombo chao?"

 Binti aliendelea kuvuta kitambaa. Lakini neno lile lilimkera usiku kucha, na kesho yake alimfuata mlangoni kabla hajavua koti.

"Wewe wageni wakija kwako," akamuuliza, "unaanza kuwaonyesha choo?"

Mkata tiketi alicheka mpaka akaangusha kitabu cha tiketi. Kwa hilo wakaanza kubishana, wakachumbiana huku wakibishana, wakaoana, wakamzaa binti yao mmoja, na ubishi wenyewe haukuisha. Mume alishikilia kwamba Mzee alikuwa na bahati, na kwamba waliofanya kazi yenyewe ni wapiga picha na wakata filamu waliomzunguka. Mke alishikilia kwamba mafundi mia bila mtu anayejua kochi litakaaje sebuleni watakushonea mito mia. Majirani waliokuwa hawawajui vizuri walidhani ndoa hiyo haina amani.

Ubishi wao mkubwa ulihusu mlango. Karibu na mwisho wa filamu ya kwanza, nahodha analazimika kufunga mlango wa chombo wakati mdogo wake wa kiume bado yuko nje, kwani akichelewa wataangamia wote. Mtazamaji hamwoni yule mdogo. Anaona mkono wa nahodha juu ya mpini, kimya, kwa muda mrefu hata mtu anaanza kujikunja kitini, kisha mpini unashuka. Mume alisema yule kijana alikufa akimlaani dada yake. Mke alisema alimsamehe. Walibishana hivyo jikoni, kwenye foleni ya benki, na hata kwenye kitanda cha hospitali, mume alipoanza kuugua na sauti yake ya kukwaruza ikabaki upepo tu.

"Alimlaani," alinong'ona siku moja, bila kuulizwa.

"Nyamaza unywe dawa," mkewe akamwambia. "Alimsamehe."

Alipofariki, watu walimtendea mjane wake wema mwingi. Walimletea chakula, walishusha sauti wakizungumza naye, na waliacha kumpinga. Akisema neno, kila mtu aliitikia. Akisema kochi fulani limeharibika kabisa, wateja walikubali hata kama walijua ni springi moja tu. Binti yake naye alianza kumsemesha taratibu kama anayebeba glasi iliyojaa. Mama Sponji hakuwa mtu wa kulialia, lakini heshima ile ilimkaba. Alirudi nyumbani jioni akiwa na maneno mengi kifuani na hakuna pa kuyatupia.

Haukupita muda mrefu, Mzee akatoa upya filamu ya kwanza, ameiongezea vipande na kuisafisha. Kwenye mlango, sasa mtazamaji aliuona uso wa yule mdogo, nje, katika mwanga wa nyota. Anamtazama dada yake kupitia kioo, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Amemsamehe, hakuna tena la kuuliza.

Mashabiki waligawanyika vipande viwili. Wengi walisema Mzee ameiua filamu yake kwa mikono yake. Mama Sponji alimtetea kila alipopata nafasi, kwa ukali uliowashangaza hata wanaomjua.

Wakati huo binti yake alikuwa ameolewa na fundi lifti, kijana mtulivu ambaye kutwa nzima alikuwa kwenye mashimo ya lifti za maofisi, na kucha zake hazikutoka grisi hata asugue vipi. Naye alikuwa shabiki wa Wachunga Nyota, tena wa kupindukia. Mama Sponji alipolisikia hilo alifurahi kama aliyeokota pete yake iliyopotea. Lakini kijana alipokuja kusalimia, akaketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, na kila alichoambiwa akakipokea.

"Mimi nasema Mzee amefanya vizuri kuuonyesha uso wa yule mdogo," mkwewe akamchokoza.

"Ndiyo, mama."

"Na filamu ya nne ndiyo bora kuliko zote."

Hapo kijana alizidi kubana magoti. Hakuna shabiki duniani anayeamini hivyo. "Inawezekana, mama," akasema.

Mama Sponji akamtazama kwa huruma, akaenda kuchemsha chai.

Sasa, mashabiki wa mji ule walikuwa na chama chao, na walikutana Jumapili mchana kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi, chenye viti vya plastiki na harufu ya tapentaini. Katibu wao, mwalimu wa muziki, aliandaa mjadala wa wazi: je, Mzee ana haki ya kubadilisha filamu zake? Alimwomba Mama Sponji awe msemaji wa upande wa ndiyo. Upande wa hapana ulikuwa umeshapata msemaji tangu zamani, na msemaji huyo alikuwa fundi lifti.

Kijana alipojua anayepambana naye, alimfuata katibu ajitoe. Katibu akamwambia kamweleze mwenyewe. Basi akaenda karakana, akamkuta mkwewe amepiga magoti ndani ya kochi kubwa, anafunga springi.

"Mama, nimekuja kukuambia kwamba nitajitoa Jumapili. Haitakuwa adabu."

Mama Sponji hakuinua kichwa. "Unaamini Mzee amefanya vizuri?"

Kijana akaanza kukwangua grisi kwenye ukucha.

"Nakuuliza, baba."

"Hapana, mama. Siamini."

"Basi utakuja, na utasema unachoamini. Na ukinionea huruma mbele za watu nitajua, maana mimi niliishi na mbishi miaka mingi. Nishikie kamba hapa."

Kijana akaishika kamba, wakamaliza springi pamoja.

Jumapili chumba kilijaa hadi ngazini. Mama Sponji alisimama wa kwanza, amevaa nguo yake ya kutokea. Alieleza habari ya kiti cha gari na mshono uliorudiwa. Alisema Mzee alifanya kazi ile ya kwanza akiwa na kitambaa kifupi. "Nami nimeshawahi kushona kochi kwa kitambaa kisichotosha," alisema. "Unaunga mahali pasipoonekana, unaficha, mteja anafurahi, lakini wewe unajua. Sasa fundi huyo amepata kitambaa kizima. Ni kazi yake, ameibuni kichwani mwake. Mtamfunga mikono?" Walimpigia makofi, na wengine walipiga miguu sakafuni.

Fundi lifti akasimama. Alianza vibaya. Alisema "kama alivyosema mama" mara kadhaa, na watu wakaanza kunong'ona. Mama Sponji, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, akamkazia macho. Kijana akaliona jicho lile, akavuta pumzi.

"Mama, samahani, lakini kochi likishatoka karakana liko sebuleni kwa watu," akasema. "Watu wamelikalia. Watoto wamelala juu yake. Fundi hawezi kuingia nyumbani kwangu akalivisha kitambaa kingine kwa sababu yeye hakupenda cha kwanza." Akawageukia watu. "Mimi na dada yangu tumekua na ule mlango. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, tukibishana gizani kama yule mdogo alimsamehe au hakumsamehe. Usiku mmoja yeye alisema alimsamehe, usiku mwingine nilisema hivyo mimi. Sasa yuko mbali, ana watoto wake, na tukipigiana simu bado tunalirudia. Mzee alitupa swali zuri kuliko yote niliyowahi kupewa. Sijui kwa nini amerudi kutunyang'anya."

Akaketi. 

Ilikuwa zamu ya Mama Sponji kujibu. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Watu walidhani anatafuta maneno makali.

"Marehemu mume wangu alisema yule kijana alimlaani dada yake," akaanza. "Mimi nilisema alimsamehe. Tulibishana hivyo maisha yetu yote. Filamu hii mpya ilipotoka, nilikwenda kuitazama peke yangu, nikaona nimeshinda. Nikageuka kumwambia, na kiti kilikuwa kitupu." Akavua tena miwani, akajifuta jicho. "Nimemtetea Mzee kwa nguvu sana tangu siku ile. Pengine kwa sababu nilitaka ushindi ule uwe na maana. Mkwe wangu amesema jambo ambalo lilikuwa kifuani mwangu, sikulijua. Lakini kazi bado ni ya Mzee, na ana haki nayo. Hapo sisogei."

Katibu akaomba watu wanyooshe mikono. Upande wa hapana ulishinda kwa mbali. Mkono wa Mama Sponji ulisimama upande wa ndiyo, umenyooka wima, karibu peke yake, na hakuushusha hadi katibu alipomwambia ameshauhesabu.

Chini, mbele ya duka la rangi, binti yake alikuwa akimsema mumewe. "Umemliza mama mbele ya watu. Ungepungukiwa na nini kama ungenyamaza?" Kijana alikuwa amesimama ameinamisha kichwa.

Mama Sponji akashuka ngazi akishikilia ukuta. "Mwache," akamwambia binti yake. "Na mimi niache. Sijavunjika." Kisha akamgeukia mkwewe. "Wewe, umesema kuhusu watoto kulala juu ya kochi. Hoja nzuri. Lakini hiyo ya fundi kuingia nyumbani ni ya hovyo, maana Mzee hakuingia nyumbani kwa mtu. Kanda yako ya zamani si bado unayo?"

"Ninayo, mama, lakini yeye mwenyewe amesema ile ya zamani haitatengenezwa tena. Kanda zikiisha ubora, zimeisha."

"Amesema lini?"

"Kwenye mahojiano yake, mama. Alisema isahauliwe."

Mama Sponji akasimama katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto. Neno hilo hakulijua, na lilimuudhi. Alimtetea Mzee kwa sababu moja, kijana akaibomoa. Akatoa nyingine, kijana akaitilia shaka, kwanza kwa upole, kisha kwa kumkatiza kabisa. Binti alitembea nyuma yao akisikiliza, na walipofika kwenye kona ya nyumbani kwa mama yake alikuwa ameshaacha kununa.

Fundi lifti alianza kupita karakana kila alipotoka kazini mapema. Hakukaa tena ukingoni mwa kochi. Alivua viatu, akanyoosha miguu juu ya lolote lililokuwa limeshavishwa, akaeleza kwa nini filamu ya nne ilikuwa aibu kwa Mzee na kwa mashabiki wake wote, na Mama Sponji, mkasi mkononi, akamwambia ashushe miguu kwenye kochi la watu, kisha aanze upya kuanzia pale aliposema nahodha asingekubali kustaafu, kwa sababu hapo hapo ndipo alipokosea.