Debe la Jumatano na Ijumaa

Harufu ya unga uliovunda hunitia hasira kabla hata haijanitia kichefuchefu. Juzi nilifunua kopo jikoni, ikanipiga puani, na papo hapo nikawa Garissa tena, miaka ile ya tisini, nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule aliyetoka Kitui, na Jumapili alifundisha dini katika kanisa letu dogo la mabati. Aliwapenda mno Wakristo wa kwanza. Alituambia walifunga Jumatano na Ijumaa, na chakula ambacho wangekula wakampa mwenye njaa. Basi nasi tukafunga. Mama alipima unga wa ugali wa siku hiyo, akaumimina kwenye debe chini ya meza ya baba. Mimi nilikuwa mtakatifu hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo nilichovya kidole kwenye sukari.

Jirani yetu Msomali, Mama Habiba, alitucheka. "Nyinyi nafunga bila daku? Wallahi mtakufa!" Ramadhani ilipofika, kila magharibi alimtuma binti yake Habiba, rafiki yangu, atuletee sambusa za moto. Baba alikula, akapangusa masharubu, akasifu.

Kisha mvua zikakosa. Mifugo ya akina Habiba ikafa yote malishoni. Ijumaa moja jioni, tumbo langu likinguruma, Mama Habiba alisimama mlangoni na sufuria tupu.

"Mwalimu, nibe unga kidogo tu. Watoto nalia."

"Huu si wangu, mama," baba akasema kwa upole. "Ni wa ndugu zetu wa imani."

Mama Habiba alilitazama debe. "Haya. Mungu iko," akasema, akaondoka.

Hao ndugu wa imani walikuwa askari na makarani wenye mishahara. Hakuna aliyekuja na sufuria. Akina Habiba walihamia Dagahaley, kambini, wakajiandikisha kama wakimbizi kutoka Somalia ili wapate mgao wa chakula, wao waliozaliwa Garissa. Unga ukavunda, ukaingia wadudu. Mama aliumwaga nyuma ya choo huku akilia, nami nikadhani analilia unga.

Nilikuja kuelewa ukubwani, nilipokutana na Habiba mjini. Kila alipoomba kitambulisho alikataliwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kambi. Bila kitambulisho hakupata kazi, wala hakuthubutu kupita kizuizi cha polisi kwenye daraja la kutokea mjini.

"Naambiwa mimi mkimbizi," alisema. "Si tulikuwa mlango kwa mlango na nyinyi?"

Nilimshika mkono. Sufuria moja ya unga ingewabakiza nyumbani wiki ile, pengine na wiki iliyofuata, na debe lilikuwa limejaa.

Baba sasa ni mzee, na bado anafunga. Jumatano na Ijumaa simpigii simu.