Bunduki Iliyonukia Nazi

Mwaka wangu wa kwanza katika hifadhi ya wanyama, huko vilimani juu ya Kwale, niliumaliza langoni nikikata tikiti. Nilikuwa nimefunzwa kufuata nyayo, kulenga shabaha na kulala porini, kisha nikapewa kiti cha plastiki na kitabu cha risiti. Wageni wa hoteli za Diani walikuwa wakiniuliza choo kiko wapi. Niliwaonyesha kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kuingia kikosi cha doria, wale wanaotoka alfajiri kufuata ndovu na kutegua mitego ya nyaya. Kila aliyeomba nafasi hiyo alikaguliwa bunduki na mkuu wa kambi, mzaliwa wa upande wa Kinango, mrefu, mpole wa sauti, ambaye kwake kuja na bunduki chafu kulikuwa sawa na kuja kazini bila suruali.

Vifaa vya kusafishia vya kambi vilikuwa vimechoka, burashi imebaki kipara, kwa hiyo wengi wetu tulijinunulia vyetu. Mimi nilishuka Ukunda kwa muuza mabuti ya walinzi, nikachukua kijisanduku chenye vipande chungu nzima: ufito wa kusukumia burashi mtutuni, wa kuunganisha kwa skrubu, burashi za kila ukubwa, na kichupa cha oili kisichojaza hata kijiko. Kilikuwa rahisi, kilikuwa kinang'aa, na mimi nilikuwa na haraka zangu.

Oili iliisha wiki ya pili. Nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa Msambweni angelifanya. Kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu: nywele, ngozi ya mtoto mchanga, bawaba za mlango, cherehani, hata panga. Mama hukuna nazi, hukamua tui, hulichemsha mpaka mafuta yajitenge, na nyumba ikanukia siku mbili. Nilibeba chupa nzima. Ulikuwa mwezi wa tatu, joto la kuoka mkate, na boliti ya bunduki yangu, kile chuma cha kuvuta ili risasi iingie, ikawa inateleza kama samaki mkononi. Nilijiona mvumbuzi.

Ukaguzi ukaja mwezi wa saba, na msomaji wa pwani ameshajua kilichonipata. Kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi huganda, na mama huianika chupa juani kabla ya kujipaka. Jambo hilo nimeliona tangu utotoni, na bado halikunijia akilini kwamba mafuta yaliyomo ndani ya bunduki ni yale yale. Asubuhi ile vilima vilikuwa vimefunikwa ukungu. Mkuu akaniamuru nifungue boliti. Nikavuta, haikuja. Nikavuta kwa mikono miwili. Mkuu akaichukua bunduki, akahakikisha haina risasi, akaipeleka puani.

"Binti," akasema, "hii umeisafisha au umeipika?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaharibu mstari. Boliti ilipofunguka, akapitisha kitambaa mtutuni, kikatoka na utando wa njano wenye madoa ya kutu. Hapo hakucheka mtu. Akasema ndovu akikugeukia porini hakupi muda wa kuianika silaha juani. Akanipa wiki tatu. Nikishindwa tena, ningebaki langoni na bunduki angepewa mwingine. Nilimkasirikia yeye kwanza, kisha mama, kisha mnazi. Ilinichukua siku nzima kufika kwangu mwenyewe.

Nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba, ambaye ni fundi wa mashine za boti kule Shimoni, hakucheka. Alinitaka nimpelekee kile kijisanduku kazini kwake kesho yake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua macho, akatandaza vipande vyangu juu ya gunia, kisha akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Ufito wangu wa rangi ya shaba ukairukia sumaku ukanata.

Shaba hainati sumaku; ule ulikuwa chuma kilichopakwa rangi. Baba alinieleza taratibu, kwa sababu anajua nikifokewa nami hufoka. Alisema rangi itabanduka, chuma kitashika kutu kwa chumvi hii ya kwetu, na kila kiungo cha skrubu ni mahali pa kulegea na kukwaruza. Rahisi huvunja upishi, akasema, tena hapa imevunja na chungu.

"Shaba ni laini kuliko mtutu," akaniambia. "Chombo cha kusafishia ndicho kiumie, mwanangu, si kile kinachosafishwa."

Akanipa na ile sumaku niende nayo.

Duka la silaha lilikuwa Mombasa. Niliingia na barua ya mkuu wangu mkono mmoja na sumaku mkono wa pili. Kila ufito alionitolea muuzaji niliugusisha sumaku. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kuvua. Nikamwomba alete mwingine. Mwishowe nikapata ufito mzima wa shaba usio na kiungo hata kimoja, wenye mpini unaozunguka, ili burashi iweze kuufuata mzunguko wa mifereji iliyomo ndani ya mtutu. Burashi nilizivuta nyuzi kwa kucha, nikachukua ambayo haikutoa hata mmoja. Kwenye oili ndipo nilipomchosha. Aliapa kuwa haigandi. Nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, hata ukuti ulinishtua, kwa hiyo nikamwomba atie tone kwenye kifuniko cha soda, tukiweke ndani ya friji yake, tungoje. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameanza kuona raha, maana alinipa kiti na soda yenyewe. Tulipokitoa kile kifuniko, oili ilikuwa bado inatiririka.

Bei yake iliuma, na gauni la harusi ya binamu yangu nikalisamehe. Vitambaa sikununua. Mama alinikatia kanzu kuukuu ya baba vipande vipande, kwa kuwa pamba iliyofuliwa miaka mingi haiachi nyuzi.

Siku ya ukaguzi wa pili kulikuwa na baridi kuliko ya kwanza. Boliti ikafunguka kwa kidole. Mkuu akapitisha kitambaa cheupe, kikatoka cheupe. Akapitisha kingine. Kisha akausifu mtutu wangu mbele ya kambi nzima, na kwa sauti ile ile ya upole akatangaza kuwa amekuwa akitafuta kwa muda mrefu mtu wa kumwamini, na kwamba kuanzia Jumatatu nitashika ghala la silaha. Funguo na bunduki zote zingekuwa mikononi mwangu. Wenzangu wakapiga makofi.

Nilikuwa natolewa kwenye kiti cha langoni napelekwa kwenye kiti cha chumba kisicho na dirisha. Na kwetu mtu mzima akikupa kitu mbele za watu, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Afande, ahsante," nikasema. "Lakini niliisafisha ili nitoke nayo, si ili nikae nayo ndani."

Mkuu akaniuliza, bila ukali, ni nani basi atazitunza hizi nyingine. Nikautazama ufito wangu. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, pamoja na burashi na oili, nikamwambia vikae ghalani viwe vya wote, na atakayeshika ghala nitamfunza mwenyewe.

"Na yako utaisafishia nini?"

"Nitapanga foleni, afande, kama wenzangu."

Akaugeuza ufito ule, akaukunja kidogo, ukarudi ulivyokuwa. Akaupokea. Uliniuma, sitadanganya, maana sijawahi kununua kitu kizuri namna ile tena. Kisha akauendea ubao wa doria, akachukua chaki, akaliandika jina langu chini ya majina ya wanaume saba. Mwandiko wake ni mbaya sana. Ilibidi nilisome mara tatu ndipo niamini kuwa ni langu.