Cherehani Siku za Githeri

Ndugu zangu wa darasa la watu wazima, mlinitaka nisimame mbele yenu nisimulie jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Nimeona heri niandike kwanza, kwa sababu kichwa changu kimewahi kunitoroka, na tangu hapo sikiamini bila karatasi. Leo ni Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1999. Ninafunga, akili yangu imetulia, na kila tarehe nitakayoitaja nimeitoa katika daftari langu.

Jina langu ni Saumu, mjane wa Athumani fundi cherehani, mkazi wa Ngoingwa hapa Thika. Niliingia darasa hili Jumatatu, tarehe 5 Februari 1990, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, sijui kuandika hata jina langu. Niliketi dawati moja na Wambui, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa kicheko chake. Tulijifunza herufi pamoja na tukafanya mtihani wa darasa la nane pamoja. Mwaka 1997 Wambui alisafiri kwenda Uholanzi kumsaidia binti yake Njoki kulea mtoto.

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 12 Januari 1999, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nilikaa eda nikaikamilisha Alhamisi, tarehe 20 Mei. Wakati huo binti yangu Rehema, aliyeolewa Mwiki kule Ruiru, alinisihi nihamie kwake. Nilikataa. Nyumba ile tuliijenga mimi na Athumani jiwe kwa jiwe, na cherehani yake ilikuwa bado sebuleni, chini ya dirisha, na uzi wake wa mwisho ukiwa kwenye sindano. Nilimwambia Rehema kwamba mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitatu anaweza pia kujifunza kukaa peke yake.

Jumanne iliyofuata, tarehe 25 Mei, nilikwenda mjini kwa Mama Kui, ambaye hupiga chapa barua na kutoa nakala, na ambaye alikuwa ameunganisha kompyuta yake na mtandao. Tulikuwa tumepatana na Wambui kwa barua kwamba kila Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, wakati mjukuu wake amelala, tutaandikiana pale kwenye kioo cha kompyuta. Maneno yake yalitokea mstari mmoja mmoja, kana kwamba mtu asiyeonekana anayaandika mbele yangu.

Hakuniuliza juu ya msiba, kwa kuwa tulishauzungumza katika barua. Aliuliza, "Sasa Mama Rehema, huko kumepikwa nini? Niambie pole pole, huku nimechoka na viazi."

Nikamwambia nimekula ugali na sukuma wiki. Akaandika kwamba hiyo haitoshi. Alitaka githeri. Alitaka nimweleze mahindi na maharagwe yalivyochemka, yalivyonukia yalipoanza kuiva, kama nilikaanga na kitunguu au nilikula hivyo hivyo. Njoki hakuwa na nafasi ya kuchemsha kitu kwa saa tano. Nami, kwa kumpenda, nikaanza, wiki iliyofuata, kupika githeri kila Jumatatu na kila Alhamisi, ili Jumanne na Ijumaa niwe na la kumsimulia.

Mwaka huo baridi ilikuwa kali, na manyunyu hayakukatika. Jiko langu la nje lilikuwa linavuja. Kwa hiyo niliingiza jiko la makaa sebuleni, nikabandika sufuria, nikafukia makaa kwa majivu ili yawake taratibu, nikaziba nyufa za dirisha kwa vitambaa vya marehemu, na kuketi kando nikijisomea.

Jumatatu, tarehe 31 Mei, yapata saa sita mchana, nilisikia cherehani.

Ulikuwa mlio wa kanyagio, tk-tk, tk-tk, wa mtu asiye na haraka. Niliinua macho. Gurudumu halikuzunguka. Lakini kitini aliketi Athumani, amevaa kofia yake nyeupe, amenipa mgongo. Kichwa kilikuwa kinanigonga na tumbo linanichafuka, nikadhani ni mshtuko. Akasema, bila kugeuka, maneno aliyoniambia kila siku kwa miaka ishirini na minane, "Saumu, nifungulie dirisha. Sioni tundu la sindano."

Sikulifungua. Kwanza ilikuwa baridi. Pili, niliogopa kwamba mwanga ukiingia yeye atatoka.

Alirudi Alhamisi. Alirudi Jumatatu iliyofuata. Sikuona ajabu ya siku hizo, kwa maana marehemu alikuwa akifunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi mpaka alipougua. Nilijiambia kwamba anakuja siku zake. Kila mara mlio wa kanyagio ulitangulia, kisha yeye, kisha ombi lile la dirisha. Kila mara nilibaki na kichwa kizito na miguu kama ya pamba, na mara mbili nilitapika kwenye karai. Jirani akanisifu kwamba uso wangu umepata wekundu wa afya. Nilipokwenda mjini kichwa kiliniacha, nikadhani ni mazungumzo ya Wambui yanayoniponya.

Wambui peke yake nilimwambia. Rehema nilimficha, maana angekuja na gari siku hiyo hiyo, angeifunga nyumba, na Athumani angemshonea nani?

Wambui hakunicheka. Aliniuliza amevaa nini, amekonda au amenenepa. Nilipomwandikia siku na saa ya kila ujio, akajibu, "Wewe na tarehe zako. Siku moja utazikwa na kalenda." Kisha akauliza juu ya githeri, na tukaendelea.

Wiki moja ratiba yetu ilibadilika. Ijumaa, tarehe 9 Julai, Wambui alikuwa na kazi ya kumpeleka mjukuu kliniki, kwa hiyo tuliandikiana Alhamisi, tarehe 8. Nikapika githeri Jumatano. Athumani akaja Jumatano, na Alhamisi hakuja. Niliona uchungu kidogo, kama mtu aliyekosewa ahadi, nikamweleza Wambui na kuliacha jambo hapo.

Yeye hakuliacha. Ijumaa, tarehe 16 Julai, hakunisalimu. Mistari ilikuja haraka, na herufi zake zilikuwa zinarukana.

"Mama Rehema, usikasirike. Njoki amenitolea makaratasi ya maongezi yetu yote. Nimeyapanga kwa meza. Siku ya githeri ndio siku ya Baba Rehema. Zote. Hakuna hata moja imekosa."

Akaeleza kwamba Jumatano ya wiki hiyo mtu wa kukagua mtambo wa gesi wa kupasha maji alikwenda nyumbani kwao. Aliwaambia kuna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayotoka kwenye moto uliokosa nafasi ya kupumua; humpa mtu maumivu ya kichwa yanayopona akitoka nje, na wengine huona watu wasiokuwapo. "Toa hiyo jiko nje," akaandika. "Fungua dirisha. Aki nakuomba."

Sasa nitasema ukweli wangu, hata kama unaniaibisha. Nilimchukia. Nilimwandikia kwamba yeye ana mume mzima, ana mjukuu wa kubeba, na sasa anataka kuninyang'anya hata kivuli. Nikainuka kabla hajajibu. Mama Kui aliniuliza kama ni habari mbaya, nikamjibu kwamba ni habari ya mtu mjinga.

Jumatatu, tarehe 19, sikupika. Nilikula mkate na chai na kukaa mbele ya cherehani kutwa nzima. Hakuja mtu.

Usiku kucha nililifikiria hilo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba jambo likiwa na shaka hujaribiwa. Basi Jumanne, tarehe 20 Julai, ambayo haikuwa siku yake ya kufunga, niliwasha jiko saa nne asubuhi, nikabandika githeri, nikahakikisha dirisha na mlango vimefungwa kama kawaida. Ikiwa hatakuja, Wambui ameshindwa, nami saa tisa nitakwenda kumwambia hivyo.

Tk-tk, tk-tk. Mlio ulikuja wa kasi, kama mtu anayeharakisha nguo ya sikukuu.

Alikuwapo. Kwa mara ya kwanza aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa na hasira aliyokuwa nayo nilipowahi kumwacha Rehema mdogo karibu na kisima. "Saumu," akasema, "dirisha." Nilielewa wakati ule kwamba Wambui amenishinda. Nilielewa pia kwamba yanipasa kuinuka. Miguu haikunitii. Athumani akainuka yeye. Aliweka mkono kwenye komeo akalivuta, na vidole vyake havikushika kitu. Akajaribu tena. Hilo ndilo la mwisho ninalolikumbuka: mume wangu akihangaika na komeo la dirisha letu.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Saa tisa Wambui aliniita kwenye kioo. Saa tisa na robo kioo cha Mama Kui kilikuwa kimejaa neno moja: "Upo? Upo? Upo?" Mama Kui alipoketi amjibu kwamba sijafika, Wambui alimwandikia, "Huyo mtu hajawahi kuchelewa kitu. Enda kwake saa hii. Ukikuta mlango umefungwa vunja dirisha, usibishe hodi." Mama Kui alifunga ofisi na kuja na mume wake. Walivunja kioo cha dirisha kwa jiwe. Walinikuta sakafuni, nimejitapikia, nimejikojolea, mashavu mekundu kama ya mtoto aliyetoka kuoga maji moto. Githeri ilikuwa imeungua mpaka chini.

Hospitalini Thika niliwekewa barakoa ya hewa safi siku mbili. Daktari, mwanamke mpole, alinieleza kwamba sumu ile huingia kwenye damu ikakalia nafasi ya hewa. Nilimuuliza juu ya cherehani. Akanishika kifundo cha mkono na kukigonga polepole kwa kidole, tk-tk, tk-tk. "Mlio ulikuwa huu, mama," akasema. "Ni moyo wako uliokuwa ukiusikia, unatafuta hewa."

Nikamuuliza, na dirisha? Kama mtu yule alitengenezwa na sumu, mbona aliomba dirisha tangu siku ya kwanza, kabla hata Wambui hajajua?

Akaniachia kifundo cha mkono. Kisha akasema, "Hilo sijui, mama. Lakini ungemsikiliza."

Nilidhani nimepona. Rehema alinichukua Mwiki, na wiki tatu baadaye ugonjwa ukarudi kwa mlango mwingine. Miguu ilianza kuburuta. Mkojo ulinitoka bila taarifa. Rehema alinivua na kuniogesha kama nilivyomwogesha yeye, na nilimpiga makofi kwa sababu sikumjua. Tarehe zote zilinitoka. Na jambo baya zaidi ni hili: nilisahau kwamba Athumani amekufa. Kila jioni nilimwambia Rehema ampakulie baba yake. Kila jioni Rehema aliketi mbele yangu na kusema, "Mama, baba alituacha Januari." Nami nililia upya, msiba mpya, na kesho yake nikaomba sahani tena. Siku kumi na moja mwanangu alinizikia mume wangu kila jioni. Nimejua hesabu hiyo kwa sababu yeye alichukua daftari langu akaandika, kwa mkono wake, siku nilizokosa.

Daktari alisema wengi hurejea wakipewa muda na kazi ya akili. Wambui akasema kazi ataitoa yeye. Kila Jumanne na Ijumaa Rehema alinishika mkono mpaka mjini Ruiru, kwenye duka lenye kompyuta, akaniweka mbele ya kioo. Wambui aliuliza maswali mawili tu: "Leo ni tarehe gani? Umekula nini?"

Mara ya kwanza nilitazama herufi kama mchwa. Mara ya pili niliandika jina langu, likakosa herufi mbili. Akajibu, "Hata mwaka wa tisini ulianza hivyo, nilikuwa hapo." Mara ya nne nilikumbuka chai. Tulirudi darasa la kwanza, mimi na yeye, kila mtu na bara lake. Ijumaa, tarehe 17 Septemba, niliandika bila kusaidiwa: "Leo ni Ijumaa, tarehe 17 Septemba 1999. Nimekula uji na nduma. Athumani alifariki tarehe 12 Januari, Jumanne."

Nikayatuma. Kisha ikaja mistari miwili.

"Pole sana mama."

"Karibu nyumbani."

Nikamwomba msamaha kwa maneno yale ya tarehe 16 Julai. Akajibu kwamba hakumbuki tarehe, hiyo ni kazi yangu.

Nilirejea Ngoingwa Jumapili, tarehe 24 Oktoba. Mguu wa kushoto bado mzito kidogo, lakini mkojo na akili vimenirudia. Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru Mama Kui kwa jiwe lake, daktari kwa kukiri asilolijua, Rehema kwa jioni zile kumi na moja, na Wambui kwa kuniuliza nimepika nini.

Nanyi wenzangu, hasa mnaokaa peke yenu: jiko la makaa lisilale ndani wala lisishinde ndani, hata kama limefukiwa majivu, hata kama hulioni likitoa moshi. Kichwa kikikuuma ndani na kukuacha nje, toka. Awe na wewe mtu mmoja, hata wa mbali, anayejua saa unayotakiwa kufika mahali. Na mkipatwa na jambo la ajabu, liandikeni na tarehe yake, kisha mpeni mwingine alisome.

Githeri napika nje, paa limezibwa. Cherehani haijalia tena, na sitaficha kwamba siku zenye manyunyu huwa naisikilizia. Kioo kilichovunjwa nimekibadilisha, lakini kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, hata kukiwa na baridi ya kuuma vidole, navuta komeo na kufungua dirisha lote. Mwanga huingia mpaka kwenye sindano. Namwambia, haya, mwanga ndio huo, tundu litafute.